Fungate Yetu ya Tenerife

Yeye ndiye aliyetaka jua.
Miezi minane alibandika juu ya sinki
picha ya hoteli ya Tenerife, kaikata gazetini:
bwawa la buluu, viti vya kujilaza,
mnazi mmoja wenye haya.

Mimi nikasema hapana.
Mimi binti wa Nuuk, karani wa benki,
mzaliwa wa mji usio na mbwa wa kuvuta,
nikasema: Ulloriaq, nipeleke kazini kwako.
Nipeleke kwa sleji, ghuba hadi ghuba,
tulale kwenye kibanda cha wavuvi,
nipate cha kuwasimulia wenzangu wa dirisha la tatu.

Akanitazama kama mtu aliyeombwa
ampeleke mkewe fungate ghalani.
"Pipaluk," akasema, "hiyo si safari. Hiyo ni Jumatatu."

Lakini mwanamume aliyeoa juzi hana kura.
Tukatoka Uummannaq alfajiri ya Machi,
mbwa kumi na wawili wametanuka mbele kama upepeo,
na hakuna aliyekuwa ameniambia
kwamba mbwa hujisaidia huku wakikimbia,
na kwamba anayekaa nyuma yao hupokea yote usoni.
Ndiyo singo niliyosingwa. Ndiyo marashi.
Nilicheka mpaka kope zikagandana.

Siku ya pili mbingu ikashuka.
Haikunyesha. Ilishuka, nzima, na vyombo vyake vyote.
Kibanda tulikipata kwa pua ya Singarnaq,
jike la mbele, jicho moja jeupe,
na theluji ikatufungia mlango kwa nje
kama wifi aliyekabidhiwa ufunguo.

Hatua nne kwa tatu.
Jiko moja la mafuta ya taa, kitanda kimoja cha mbao.
Ukutani mtu kachonga deni la sigara analomdai mwenzake,
mwaka umefutika, deni lipo.

Waliosema mapenzi ni kikohozi
hawakulala na mvuvi mwenye mafua.
Siku ya tatu tuligombana juu ya kijiko.
Kijiko!
Nikamgeuzia mgongo, nikaapa,
na kwa kuwa kitanda ni kimoja na baridi ni ile,
mgongo ukageuka wenyewe.

Siku ya nne nikamwambia:
haya, nipeleke Tenerife.

Akanigusa paji la uso, akidhani homa.
Kisha akavaa miwani yake ya theluji, akavua kofia, akainama:
"Karibu hotelini, bibi. Pasipoti?"
Akanionyesha bwawa: sufuria ya theluji ikiyeyuka jikoni.
Akanipaka mafuta ya jua mabegani,
nayo yalikuwa ya sili, yakinuka kama sili.
Akapanga samaki mkavu kwa duara juu ya kifuniko.
"Papai," akasema.
Nikala papai.
"Na bahari iko wapi?"
Akaelekeza mlangoni. "Imelala. Tusiiamshe."

Mara tatu kwa siku alijipenyeza dirishani,
kamba kiunoni, ncha yake mkononi mwangu,
kuwafukua mbwa na kuwatupia chakula chao.
Nilihesabu pumzi mpaka kamba ilegee.
Safari moja alirudi nyusi nyeupe, ndevu nyeupe,
nikamwona alivyo miaka hamsini mbele.
Sikumwambia. Nilimpa kijiko.

Siku ya saba kimya kikatuamsha.
Tukachimba tukatoka; mwanga ukatupiga makofi.
Mbwa wakajikung'uta mmoja mmoja,
kumi na mmoja,
na wa kumi na mbili tukampata chini kabisa,
amekasirika tu.

Mama yake alitungoja na kahawa.
Akauliza baridi ilikuwaje.
Ulloriaq akasema jua lilizidi, huduma nzuri,
chakula kile kile kila siku.
Mama akanitazama mimi, mgeni wa Nuuk,
kuona kama mwanawe ameharibikia huko.

Nilikuwa navua soksi.
Kidole kidogo cha mguu wa kushoto
hakijarudisha hisia mpaka leo.
Daktari huuliza nilikipotezea wapi.
Namwambia: Tenerife, karibu na bwawa.